Mapigo Arobaini na Manne

Mimi ndiye niliyehesabu, kwa hiyo nitasimulia mimi, na asiyetaka kusikia habari za wazee wanaokimbia aende zake.

Mwaka wa 1971 nilikuwa nesi katika zahanati ya kiwanda cha mbao huko Elburgon. Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja, na hata ungekipiga deki mara ngapi kingenuka vumbi la mbao tu. Sheria ya kiwanda ilisema kila mfanyakazi aliyepita miaka hamsini na mitano apimwe na daktari mara moja kwa mwaka. Akionekana mzima anabaki kazini, akionekana mgonjwa anapewa barua na kwenda nyumbani. Daktari alitoka Nakuru, na mwaka huo tuliletewa mpya. Kazi yangu ilikuwa kupima mapigo ya moyo siku moja kabla na kuyaandika kwenye kadi.

Gurbachan Singh alikuwa fundi wa kunoa misumeno. Alizaliwa Nakuru, Kiswahili chake kilikuwa kama changu, na bila mikono yake kiwanda kizima kingekaa bure. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kila asubuhi kabla ya kazi alivaa kaptura ya kaki na raba, akafunga kilemba kidogo cha kukimbilia, akafuata reli kuelekea Turi, maili tatu kwenda na tatu kurudi.

Walimcheka, tena sana. Wanawake waliokwenda kisimani waliulizana Kalasinga yule amemwibia nani. Mkewe, Jasvinder, aliniambia kwamba wakienda kusali Nakuru watu humvuta pembeni na kumuuliza kwa upole kama mumewe ana akili timamu. Katika nchi hii mtu mzima anaruhusiwa kukimbia akifukuzwa na nyati, basi. Kukimbia kwa hiari yako ukiwa na ndevu nyeupe ni aibu ya familia.

Yeye alianza mwaka wa 1960, akiwa na miaka arobaini na sita. Siku moja alipandisha msumeno kutoka uwanjani hadi kwenye banda lake, pumzi zikamwishia njiani, akaketi juu ya gogo. Kijana mmoja mpakiaji akaja akamchukulia ule msumeno kwa huruma, kama mgonjwa anavyochukuliwa mzigo wake. Hiyo huruma ilimuuma kuliko kifua. Kesho yake alikwenda kwenye reli akakimbia kutoka nguzo moja ya simu hadi nyingine, akatembea nguzo tatu, akakimbia tena moja. Mwezi uliofuata akatembea mbili. Mwaka ulipokwisha alikuwa hatembei tena.

Sasa nirudi kwenye kuhesabu. Nilisukuma bangili yake ya chuma juu kidogo, nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nikatazama saa. Arobaini na nne. Nikarudia dakika nzima nikapata arobaini na nne ile ile, na mimi ndiye niliyeanza kutoka jasho. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu mzima aliyetulia ana mapigo sitini hadi mia moja. Miezi mitatu nyuma, daktari huyu mpya alikuwa amemwachisha kazi Ephantus, mchochea moto wa boila, kwa mapigo ya chini kama hayo. Ephantus alikuwa mgonjwa kweli, alishazirai mara mbili. Lakini kadi haisemi nani anazirai na nani anakimbia maili sita.

Nilimpenda mzee huyu, sifichi. Nikamwambia kwamba nitaandika sabini na mbili, yaishe.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Sista, hiyo arobaini na nne nimeitafuta miaka kumi na moja kwa miguu yangu. Sasa wewe unataka kuifuta na kalamu? Andika hiyo yangu."

Akanieleza kwa lugha ya kazi yake. Msumeno mkali, alisema, unapita kwenye gogo mara chache na mbao inatoka. Ule butu unavutwa na kuvutwa, unapiga kelele, na gogo liko pale pale. Moyo wake ulikuwa umenolewa. Baadaye sana nilikuta jambo hilo hilo katika kitabu cha madaktari: moyo ni msuli, ukizoeshwa kazi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo wakati wa kupumzika hauna haraka. Na uzee hauuzuii kufundishwa, unauchelewesha tu. Basi nikaandika arobaini na nne.

Daktari alikuwa kijana msomi na hakuwa mtu mbaya. Kesho yake aliisoma kadi, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema moyo umechoka. Asikimbie tena, asinyanyue kitu, aende akapumzike. Gurbachan akamjibu kwamba amepimwa akiwa ameketi, na hajaajiriwa kuketi, basi apimwe akiwa kazini. Daktari akasema anaweza kufia pale pale.

"Nikifa, andika kwamba nilikaidi," alisema Gurbachan.

Nilileta sanduku la mbao lililofika magotini. Wamalwa, mpakiaji wa miaka ishirini na minne, alikuwa mlangoni akingoja kufungwa kidole, nikamwita naye. Nikawaambia wapande na kushuka dakika tano, wote wawili, daktari akishika saa. Dakika ya kwanza Wamalwa alikuwa anacheka. Ya tatu alinyamaza. Ya tano alishika ukuta. Wakaketi dakika mbili, kisha nikahesabu. Wamalwa mia moja ishirini na sita, Gurbachan sabini.

Daktari akasema nimekosea. Hapo hasira zilinipanda. Mtu niliyekuwa tayari kumdanganyia alikuwa ameninyima ule uongo, na sasa ukweli wangu unaitwa kosa. "Hesabu mwenyewe, daktari," nilimwambia. Alihesabu kifundoni, akahesabu shingoni, kisha akaandika: Anafaa kazi nyepesi kwa miezi mitatu.

Gurbachan alivaa miwani akasoma. Kazi nyepesi maana yake ni kufagia uwanja, na misumeno apewe mwingine. Akaniomba kadi ya Wamalwa, ile aliyopimiwa alipoajiriwa, nikaitoa kabatini. Ilikuwa imeandikwa: Anafaa kazi.

Akaziweka kadi mbili kando kwa kando, akaweka mkono wake juu ya meza.

"Huyu wa mia moja ishirini na sita amepata maneno mawili. Mimi wa sabini nimepata sita. Haya manne ni ya nini?"

"Ni kwa sababu ya umri wako, Bwana Singh."

"Umri umeandikwa hapo juu, daktari. Usiuandike mara mbili."

Daktari aliyakata yale maneno manne, moja baada ya jingine, na Gurbachan hakuondoa mkono mezani mpaka la mwisho lilipokatwa.