Mama Mkwe na Chuma cha Kumimina

Watu wa Ichikawa, mji wetu huku Japani, wakikwambia mama mkwe wangu ni mkaidi, waamini. Mimi ninayekula naye chungu kimoja nasema hivyohivyo, na nasema nikijivuna. Fusae Uozumi ni mwanamke mfupi, ana mabega ya mbeba magunia na macho yasiyomkwepa mtu. Katika bonde letu hili, ambako ukigeuka huku wanafua vichwa vya fimbo za gofu na ukigeuka kule wanavipiga msasa, hakuna mke wa mhunzi aliyeucheza mchezo wenyewe kama yeye. Wenzake walipika, wakang'arisha chuma, wakafunga maboksi. Yeye alifanya yote hayo, kisha akachukua fimbo akaenda kupiga.

Mumewe, mzee Tokuji, ukitaka akupe maneno mtajie chuma. Atakueleza jinsi kipande kinavyotiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kinavyotwangwa na nyundo mpaka kishikamane kisiwe na uwazi ndani, na kwamba ukiupiga mpira katikati ya kichwa kilichofuliwa, mkono hausikii kishindo, unasikia utamu. Kuhusu chuma cha kumimina, kile kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu kama uji, ana neno moja tu: sufuria. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Sasa kuna desturi. Kila vuli, mpunga ukishavunwa, wanawake wa karakana za bondeni hushindana na wanawake wa karakana za juu ya mto, na kila mmoja hubeba fimbo zilizofuliwa nyumbani kwake. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Inalindwa na aibu, na aibu kwetu ni kali kuliko askari. Mama hakuwahi kukosa mashindano hayo. Aliyacheza hata akiwa na mimba ya mume wangu, Kazuto, na akashinda, na mpaka leo Kazuto akishindwa kuamka asubuhi huambiwa alikuwa na bidii zaidi tumboni.

Mwaka jana maji yakazidi unga. Shimo la saba la uwanja wetu lina bwawa, na mpira lazima uruke juu ya maji mpaka upande wa bendera. Kwenye mazoezi Mama alipiga, ukazama. Akapiga tena, ukazama. Kiwiko kilikuwa kinamuuma na hakutaka kusema. Bi Kinue, nahodha wa timu, akamwambia kwa sauti ya upole iliyotiwa pilipili kwamba asipolivuka bwawa kabla ya siku yenyewe, nafasi yake atapewa mwingine, naye akae kivulini agawe matonge ya wali. Nilifungua mdomo nimjibu. Mama akanikanyaga mguu.

Akaenda peke yake kwenye uwanja wa mazoezi ulio kando ya barabara kuu. Mwenye duka la pale akamwazima fimbo za kumimina zenye mipini myepesi ya nyuzi za kaboni, na mipira ikapaa. Mwingine angeificha habari hiyo. Mama aliileta mezani, tukiwa kwenye supu.

"Baba Kazuto, leo nimepigia sufuria. Zinaruka."

Mzee akaweka vijiti chini. "Chuma cha kumimina hakiingii nyumba hii."

"Mimi sikuolewa na chuma. Nataka kuvuka lile bwawa."

Loo. Kazuto akainamia samaki wake kana kwamba amepoteza kitu ndani. Mzee akanuna, akalala amenuna, akaamka amenuna. Lakini ana jambo moja ninalompendea: hawezi kuacha kitu bila kukijaribu. Asubuhi akasema ulinganisho ule haukuwa wa haki, kwa kuwa mipini ilikuwa tofauti. Akaingia karakana, akapasha shingo za fimbo za Mama, akaing'oa mipini.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Ile mipini ilikuwa ya chuma, mizito na migumu, ileile anayojipimia mwenyewe, mtu aliyeshika nyundo maisha yake yote. Mpini mgumu unataka mikono ya haraka. Mikono ikiwa ya polepole, mpini haunepi, na mpira unatoka chinichini, hauinuki. Hili si kosa lake peke yake, ni ugonjwa wa mji mzima: tunajua vichwa, tunalala na kuamka na vichwa, na mpini kwetu ni kijiti cha kushikia tu. Kumbe miaka yote hiyo kiwiko cha Mama kilikuwa kinapigana na mpini. Nilimwambia Mzee wazi, maana mdomo wangu hauna pazia. Akaguna, na yeye akiguna ujue amekubali.

Akatia mipini myepesi, inayonepa, kwenye vichwa vyake mwenyewe. Tukaenda uwanjani na seti zote mbili, yake na ile ya kuazima. Mama akapiga kwa fimbo ya kufuliwa, katikati kabisa, mpira ukapaa juu ukashuka taratibu mbali kule. Mzee alicheka mpaka ufizi ukaonekana. Nikadhani mambo yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu Mama siku hizi hapigi katikati kila mara. Akipiga kwa pembeni, fimbo ya kufuliwa iliuachia mpira ukachoka njiani. Ile ya kumimina, ambayo uzito wake umesambazwa kwenye kingo, iliendelea kuusukuma. Mzee akamwomba arudie, kisha arudie tena. Mwisho akakaa kwenye benchi, akapangusa uso kwa taulo, akabaki kalishika tu. Nilimwonea huruma.

Mama akaketi kando yake. "Zako ni tamu, Baba Kazuto. Lakini zinamtaka mtu asiyekosea, na mimi sasa nakosea."

"Fimbo fupi, za mipira ya karibu, ubaki na zangu," Mzee akasema.

"Fupi ni zako. Hizo sitakuachia hata ukinililia."

Zile ndefu, za kuvukia bwawa, zikawa za kumimina. Ila ilibaki desturi. Mzee akavaa koti lake la misibani na harusini, akanunua keki za maharage, akaenda mwenyewe kwa Bi Kinue, akainama mpaka chini. Bi Kinue alikula keki yake pole pole. Kisha akasema sawa, Fusae acheze na sufuria zake, kwa sharti kwamba Mzee mwenyewe ambebee mfuko wa fimbo, asimame nao mbele za watu kwenye kila shimo. Alijua hakuna mhunzi atakayekubali fedheha hiyo. Mzee akasema atafika mapema.

Siku ikafika. Wahunzi wote wa bonde walijipanga ukingoni mwa bwawa, mikono nyuma, na wakamwona Tokuji Uozumi anakuja na fimbo za kumimina begani. Mmoja akamuuliza kama ameanza kuuza vyombo vya jikoni. Mzee akamsalimia vizuri tu, akampa Mama fimbo aliyoitaka.

Mama akapiga. Sote tulisikia, maana kwetu hata mtoto wa mgongoni anaijua sauti hiyo: alikuwa ameupiga kwa ncha ya kichwa. Mpira ukatoka umepinda, ukiwa chini mno, na moyo wangu ukaanguka kabla yake. Ukaenda, ukaenda, ukagusa ukingo wa pili palepale maji yanapoishia, ukaruka, ukatulia kwenye nyasi.

"Bahati tu," akasema Bi Kinue.

"Si bahati," Mzee akasema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Ingekuwa fimbo ya kwangu, mpira ungezama."

Hakuna aliyecheka. Mama alimrudishia fimbo bila kumtazama, na Mzee akaipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe mbele ya wahunzi wote, akaitia kwenye mfuko wa fimbo, akatangulia kuzunguka bwawa.