Nguru Waliokalia Kiti cha Mke Wangu

Mtu akitaka kujua nilivyo mbishi, amuulize mke wangu habari za waya niliouingiza ndani ya gari letu la jipu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa ajili ya samaki.

Dada yangu mkubwa anaishi Mpapura. Binti yake alikuwa anatoka unyago, na kwenye ukoo wetu mjomba wa mwali ndiye anayewalisha watu wa upande wa baba. Baba wa mwali alishatangulia mbele za haki, na tangu msiba ule ndugu zake walikuwa na maneno ya chini chini: ngoma kama hii mjane ataiweza wapi? Dada aliyasikia yote. Aliponipigia simu hakuomba mchele wala mbuzi. Alisema, "Mdogo wangu, niletee nguru wabichi. Nataka watu wale wakae kwenye mkeka wangu, wale, wakose la kusema." Nikamwambia watafika kama wametolewa majini sasa hivi.

Kuahidi ni rahisi ukiwa umekaa mjini Mtwara unakunywa chai. Kutoka Mnazi Bay, wanakovuliwa nguru, hadi Mpapura ni mwendo, na jua la huku halina huruma. Kwenye ngoma ya jirani, mjomba mmoja alibeba samaki kwenye ndoo ya barafu, barafu ikayeyuka njiani, akafika na harufu. Akina mama wakamtungia wimbo papo hapo. Mpaka leo akikatiza sokoni hakosi wa kumwimbia.

Nikanunua friji dogo la gari, la mtumba. Jipu lilikuwa na betri ya pili kule mbele kwenye injini. Kilichokosekana ni waya wa kutoka kwenye betri hiyo mpaka nyuma ya viti. Fundi umeme wa mtaani kwetu kila nikimfuata ananiambia kesho. Nikapandwa na hasira, nikasema nafanya mwenyewe.

Kati ya injini na miguu ya dereva kuna ukuta wa bati. Sikutaka kuutoboa, nikatafuta tundu la zamani lililozibwa na mpira uliokauka. Waya ulikuwa laini, kila nikiusukuma unajikunja. Mke wangu akachomoa njiti moja kwenye fagio lake la chelewa, tukafunga waya kwenye ncha yake. Mimi nikawa nasukuma kutoka upande wa injini, yeye kalala chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango, anapapasa. Majirani waliopita waliisalimia miguu.

"Shikamoo, mama! Umepotewa na nini humo?"

"Marahaba. Nimepotewa na akili, siku nilipoolewa."

Ukingo wa tundu lile ulikuwa mkali. Waya ukisuguliwa pale mpaka shaba iguse bati, gari linaweza kushika moto. Ilibidi nipate mpira wa kuuzungushia, nikaukata kwenye kandambili iliyokuwa mlangoni. Nilidhani ni kuukuu. Haikuwa kuukuu, na ilikuwa yake. Nilinuniwa mpaka jioni.

Nikaweka fyuzi karibu na betri, nikapitisha waya chini ya zulia, nikaukata pale pale unapolifikia friji, bila hata shubiri ya ziada, maana nilitaka kazi safi. Pale unapoungana na waya wa friji nikasokota shaba kwa vidole na kuviringisha utepe mweusi. Friji likavuma. Maji ya chupa yakawa baridi ya kuumiza meno. Siku ile nilitembea mtaani kifua mbele, na kila aliyeniuliza habari za nyumbani nilimweleza habari za waya.

Kwingine hadithi ingeishia hapo. Lakini sisi tuna mikorosho, na msimu ule ukungu ulikuwa umeanza kushika maua. Ikabidi kupuliza salfa, na salfa ilibebwa na nini kama si jipu? Mfuko mmoja ukapasuka nyuma ya viti. Nikafagia juu juu. Unga wa njano ulioingia chini ya kiti nikauacha hapo hapo, nikisema utajimaliza wenyewe.

Siku ya ngoma tuliwahi Mnazi Bay asubuhi. Nguru walikuwa wanono, macho yanang'aa. Tukawakata vipande, friji likajaa, tukaondoka tukiimba. Tulikuwa tumeshaupita mji tukiwa kati ya mikorosho mke wangu aliponyamaza, akageuza sikio nyuma.

"Baba watoto, mbona friji limenyamaza?"

Nikafunga breki. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Nikafungua boneti: fyuzi nzima. Kipande cha kandambili nacho mahali pake. Mke wangu ndiye aliyeinua zulia. Utepe wangu ulikuwa umebanduka kwa joto, salfa imejipenyeza, na shaba imekuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Nikakata, bado nyeusi. Nikakata tena, nikakata tena, mpaka nikaiona nyekundu inang'aa. Kuja kuupima waya, haulifikii tena friji. Nilimwona dada yangu kasimama mbele ya mkeka mtupu.

"Kama waya haufiki kwa friji," mke wangu akasema, "friji si liufuate waya?"

Basi akashuka, friji likapanda kiti cha mbele, nikalifunga mkanda. Likavuma. Yeye akakaa nyuma juu ya gunia, kashika dari kwa mikono miwili, na kila shimo la barabara alinitajia kandambili.

Tulipoingia Mpapura, akina mama waliokuja kutupokea walifungua mlango wa mbele wamsaidie wifi yao kushuka, wakalikuta friji limekaa na mkanda wake. Ngoma zilisimama. Halafu wimbo ukazuka: mjomba kaoa friji, mke kampakia nyuma! Vigelegele vikalipuka. Mke wangu alishuka na vumbi lake kichwani akaingia kati kucheza. Dada hakucheza. Alifungua friji, akatoa kipande, akakinusa, akafumba macho. Sijawahi kufurahi kuchekwa kama siku ile.

Watu wa upande wa baba walikaa mkekani, wakala, wakaongezwa, wakalamba vidole. Jioni walipokwisha kuaga, dada aliniita jikoni. Nguru wote walikuwa wamekwisha, umebaki mchuzi wa nazi chini ya sufuria. Tukakaa wawili na ugali wa muhogo, tukachovya.

"Umesikia walivyoniaga?" akaniuliza.

"Sijasikia."

"Tangu msiba wananiita mjane wa kaka yetu. Leo wameniita mama mwali."

Nikamsogezea sufuria. Nikamega ugali.