Kidonge Kilichosubiri Ndizi Ziive

Kipandauso hakipigi hodi. Kwangu huanza na kijinuru pembeni ya jicho la kushoto, kinachotetemeka kama jua kwenye beseni la maji, halafu nusu ya kichwa inagongwa kwa ndani mpaka natapika. Kwa miaka mingi nilimeza panadol kama njugu. Watu wa Isingiro, nilikoolewa, walishanipa kila jina: mvivu, mwenye mashetani, mwenye mimba changa. Mchungaji aliniombea akiwa amenikandamiza palepale panapouma, nami kimoyomoyo nikaomba auondoe mkono wake.

Mume wangu ndiye aliyesikia kwamba siku hizi daktari anakutibu kwa simu. Nilimcheka. Kisha kichwa kikanishika tena, kicheko kikaisha. Mtandao kwetu unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shamba la kahawa, basi siku nilipopata nafuu nikapanda pale na kanga kichwani, nikaongea na daktari wa kike aliyeko Dar es Salaam. Picha ilikataa, tukabaki na sauti. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: naona nini kabla ya maumivu, yanakaa upande gani, nina presha, moyo una shida, nina mimba? Nililia juu ya kichuguu kwa sababu tu ya kuulizwa. Akaniandikia dawa, cheti kikatumwa kwenye duka la dawa la Kayanga, na vidonge vikanifikia kwa bodaboda.

"Meza mara tu unapoona ule mwanga, dada," aliniambia. "Usisubiri maumivu."

Sikumuuliza habari ya chakula. Nani huuliza? Kwetu dawa haimezwi tumbo tupu, hilo mtoto analijua kabla hajajua kusali. Dawa kali inatafuna utumbo, na kumwacha mgonjwa ameze bila kumlisha ni sawa na kumnyima.

Wakati huo baba yangu alikuwa anaondoka duniani. Alikuwa mfugaji wa Kimuli, mtu mrefu aliyeongea na ng'ombe wake kuliko alivyoongea na sisi. Katika ukoo wetu, mzazi akijiona amefika mwisho humwita kila mtoto peke yake akampa maneno yake. Si urithi wa mali. Ni maneno tu, na mtu huyabeba mpaka naye anapokufa. Kaka yangu alikuwa ameshapata yake. Mimi, ambaye baba hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu na kunituma maziwa, niliyangoja yangu kwa njaa ninayoona aibu kuisema.

Asubuhi moja kaka akapiga simu. "Dada, mzee anakuita. Anasema leo ana nguvu ya kuongea. Fanya haraka."

Nilikuwa najifunga mtandio nilipokiona kile kijinuru. Nikachukua kidonge kabatini. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, akaniona.

"Ndicho kile cha daktari wa simu?"

"Ndicho, mama."

"Unakimeza hivyohivyo? Tangu jana hujatia kitu mdomoni. Mwana wange, kitakuua! Kaa, nimenye ndizi, hazichukui muda."

Ndizi hazichukui muda! Tangu lini? Lakini sikubisha, maana nami niliamini vilevile. Nilikaa kwenye kigoda kwa adabu, kidonge kikilainika kiganjani kwa jasho, naye akimenya moja moja na kuniambia nisiogope, nitamkuta mzee. Ule mwanga ukakua ukafunika nusu ya uso wake. Sufuria ilipoepuliwa, kichwa kilikuwa kimeshaanza kugongwa. Nikala kidogo, nikameza kidonge, nikakimbilia migombani na kutapika vyote kwa pamoja.

Mume wangu alipanda kichuguu akampata daktari. Jibu lake lilikuwa fupi: chakula hakikuhitajika, ningemeza na maji tu. Kwa jinsi ninavyotapika kidonge kingine hakitakaa, nipelekwe hospitali nikachomwe sindano, au nilale gizani. Walijaribu kunipandisha pikipiki nikaanguka. Nikalala gizani, kitambaa machoni, nikimwomba baba anisubiri.

Alisubiri mpaka alasiri. Kaka aliniambia baadaye kwamba alipomwona anaishiwa nguvu alimsihi, "Mzee, nipe mimi maneno ya dada, nitamfikishia." Baba akatikisa kichwa. Akasema ni ya mwenyewe.

Siku zile nilimchukia mama mkwe, tena nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa amenipikia kwa upendo. Alilia kuliko mimi. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza, na sikumbembeleza.

Siku ya mazishi kijinuru kikaja tena, wanawake tukiwa bado jikoni. Nikachota maji ya baridi mtungini nikameza kidonge hapohapo. Shangazi akapiga kelele kwamba sijala, nikamgeuzia mgongo. Jeneza lilipotolewa nje, mwanga ulikuwa umeondoka na maumivu hayakuja. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kipandauso kilirudi kilikotoka.

Dawa ile ni nzuri, sitaisema vibaya. Nilisimama juani bila kujifunika uso, nikasikia kila kitu: mchungaji, koleo, ng'ombe wakilia zizini. Watu walinong'ona kwamba binti wa mzee leo amejikaza. Sikujikaza. Nilikuwa mzima, tayari kwa kuitwa, na aliyekuwa akiniita walikuwa wanamfukia.