Nilivyoenda kupika ham ya Krismasi ukweni Mbamba Bay, nikaikuta kwenye kichanja cha samaki

Wakuu, heshima kwenu wote. Najulikana humu kwa kutia chumvi kwenye stori, ila leo chumvi yote iliishia kwenye nyama. Hii imenitokea mimi mwenyewe.

Ndugu zangu Waislamu mniwie radhi mapema, uzi huu ni wa kitimoto. Piteni salama.

Mimi ni Mmatengo wa Maguu, nimeolewa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kwa Wanyasa. Ukweni kwangu Krismasi ni samaki, na jiko ni la mama mkwe, full stop. Miaka mitatu ya ndoa alikuwa hajawahi kuniachia sufuria. Mpaka leo ananiita "bi harusi".

Kazi yangu ikawa kuosha vyombo na kutabasamu. Iliniuma jamani, msione nacheka hapa.

Mwaka jana nikajitosa. "Mama, shikamoo. Krismasi hii naomba nipike mimi."

Akaniangalia weee. "Marahaba. Tutaona."

Wenye wakwe mnaijua hiyo "tutaona".

Nikaamua kupika ham, yaani paja la nguruwe la chumvi, ile ya kupakwa asali mpaka inang'aa, niliyofundishwa na mpishi mmoja nilipokuwa kibarua hotelini Songea. Nikachukua paja zima kwa baba, Maguu, nikaliloweka kwenye maji ya chumvi, sukari na karafuu, likakaa kwenye friji siku tano. Kisha nikashuka nalo ziwani ndani ya ndoo, na maji yake. Njiani kila aliyeuliza nimebeba nini nilimjibu "mguu wa Maguu", basi ni vicheko tu.

Asubuhi ya mkesha nikaiweka ndoo jikoni, nikakimbilia sokoni kutafuta nanasi. Mama sikumwambia chochote. Hapo ndipo nilipochemka.

Narudi, ndoo tupu!

Natoka nyuma ya nyumba, paja langu hilo hapo juu ya kichanja, limelala katikati ya samaki aina ya mbasa, moshi unafuka, na mama anapepea moto bila wasiwasi.

"Mama, nyama yangu!"

"Imeshashiba chumvi, bi harusi, ilikuwa inangoja nini kwenye maji? Ingeoza. Nimekuokolea."

Kwa watu wa ziwani, kitu kikitoka kwenye chumvi kinakwenda kwenye moshi. Hakuna mjadala. Ila mimi nilijua ameniharibia makusudi. Nikajifungia chooni nikalia, na nikamuwazia mabaya ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mungu anisamehe.

Nikampigia yule mpishi. Akacheka mpaka akakohoa. "We dada, ham nzuri hupitishwa kwenye moshi! Hotelini hatukuwa na pa kuikaushia, ndiyo maana sikukufundisha. Mwambie mama asiitoe mpaka jioni."

Nilijisikia mjinga, lakini mjinga mwenye furaha.

Nikarudi, nikavuta kigoda. "Mama, hizi ni kuni gani?"

"Mpera. Usiweke nyingi, moto ukiwaka umeharibu." Tukakaa pale mchana kutwa, akinifundisha moshi, mimi nikimwelezea habari za asali. Hatukuwahi kuongea hivyo tangu niolewe.

Siku ya Krismasi yenyewe nikaichemsha nyama, nikaipaka asali na juisi ya nanasi, nikaiweka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Wakuu, ilitoka nyekundu, inang'aa, inanukia mpaka kwa jirani. Shemeji yangu aling'ang'ania mfupa kama ana hatimiliki yake.

Jirani akauliza, "Hii kapika nani?"

Mimi nikaangalia sahani.

Mama akajibu, "Tumepika mimi na mwenzangu."

Dah. Nikamkatia mama kipande kingine.

Nilichojifunza: ukiwa kwenye jiko la mtu, sema unachofanya kabla hujageuza mgongo. Na ukikuta kimefanywa tofauti, uliza kwanza, kununa baadaye.

Nyie yaliwakuta yapi mlipopika ukweni? Mwageni hapa. Na kama kuna anayejua kuipaka ham kahawa badala ya nanasi, anieleze taratibu, mama amekaa pembeni yangu anasubiri nimsomee majibu.