Taa za Miche Zilizokataa Kuzimika

Wacha niseme mapema kabla hamjasikia kwa wengine: nilimkamata mama mkwe wangu kiunoni nikamwangusha matopeni mbele ya kina mama kumi wa kanisa, Alhamisi saa nane mchana, wengine wakiwa bado wameshika vikombe vya chai. Chekeni mmalize, halafu niwaeleze.

Sisi tuko Kuresoi, na huku waru, yaani viazi, ndiyo maisha. Mama (mama mkwe ndiye namwita hivyo, naye huniita Mama Ivy) alinipa stoo yake ya zamani, isiyo na dirisha hata moja, nikuze miche safi ya waru chini ya zile taa za kukuzia mimea. Sharti lake lilikuwa moja tu, kazi ya stima ifanywe na fundi. Nikasema sawa, halafu kwa haraka zangu na kichwa kigumu nikaunganisha mwenyewe. Nyaya zilikuwa mbili, ikabaki swali la swichi, niiweke kwa upi? Nikawaza kama mtu wa ng'ombe: njia ikiwa ni moja, funga lango popote utakapo, ng'ombe hapiti. Nikakata waya uliokuwa karibu na mkono, viungo nikavifunga kwa selotepu, na Mama aliporudi kutoka shambani nikamwambia fundi alikuja akaenda.

Taa ziliwaka vizuri ajabu. Shida ilikuwa kuzima. Ukibonyeza swichi mwanga unashuka, unashuka, halafu unakataa kwisha, unabaki hafifu, rangi ya zambarau, umetulia juu ya majani kama umande. Na mimi badala ya kuogopa nikaupenda! Nilikuwa naingia mchana, nazima, nafunga mlango, nakaa juu ya ndoo nikisikiliza mvua kwa mabati na kunusa udongo uliolowa, majani yakielea mbele yangu, mpaka nasahau kuna sufuria jikoni (githeri iliungua mara mbili, waulizeni watoto). Siku moja Mama akanikuta humo.

"Mama Ivy, mbona hizi taa hazizimi?"

"Ni za kisasa, Mama. Huo ni mwanga wa kulaza miche."

Akasimama nami, akasema ni kama alfajiri kabla jua halijatoka. Jumapili akawatangazia wenzake kanisani, Alhamisi wakaja kuona.

Nilizima taa nikafunga mlango. Wote wakashusha pumzi, mmoja akaanza kuimba polepole, wengine wakaitikia, na kwa kweli nilijiona nimeumba kitu. Kisha akauliza Naomi, binti wa mmoja wao, mwenyewe fundi wa stima kule mtaa wa Rhonda, aliyekuwa amekuja kusalimia:

"Dada, hii swichi iko kwa waya gani?"

"Fundi ndiye anajua," nikasema.

Akatoa testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akaigusisha kwenye kiungo changu cha selotepu. Ikawaka.

"Taa imezimwa na stima bado iko ndani," akasema. "Swichi imekata waya wa kurudi, ule wa kuleta haujaguswa, ndiyo maana mwanga haukwishi. Huyo fundi ni nani?"

Nyuso zote zikanigeukia. Huku nyuma Mama, ambaye hasikii vizuri, na mikono yake ilikuwa imelowa kwa kunyunyizia miche, alikuwa anainua mkono aishushe taa ya mwisho, penye kiungo kingine cha selotepu, wageni waone majani. Nilimwona. Nikimwambia asiguse, wote watajua fundi ni nani. Nikanyamaza. Ilikuwa pumzi moja, labda mbili, lakini nilinyamaza, na hiyo ndiyo aibu yenyewe, hayo mengine ni vichekesho. Ndipo nikaruka.

Tulianguka pamoja, trei zikatufuata, udongo, maji, miche ya miezi miwili, kitambaa cha Mama kikaenda kivyake.

"Amepagawa huyu! Mshikeni!" mtu akapiga kelele.

"Fundi ni mimi!" nikalia nikiwa bado nimemlalia Mama. "Ni mimi niliunganisha!"

Naomi akachomoa plagi, mlango ukafunguliwa. Mama akakaa, akapangusa tope usoni, akaniangalia.

"Nilikuona ukiniangalia," akasema. "Mbona ulingoja?"

Nikainama nikaanza kuokota trei.

Naomi alirekebisha kila kitu jioni hiyohiyo, nami nimeapa sitashika waya tena maishani, na nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui, tena upesi. Mama hajawahi kunisema kwa mtu. Lakini siku hizi akija kwangu, kabla hajashika birika la stima au redio, anaweka mikono nyuma na kuuliza kwa adabu kabisa, "Mama Ivy, niguse?" Naenda nagusa mimi kwanza, ndipo anasogea.