Mzigo Nilioushusha kwa Mama Mkwe

Jamani, hili nimelificha muda mrefu, na hata sasa nikilisimulia masikio yananiwaka moto, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa mke wangu, maana yeye akilianza huongeza chumvi.

Mnajua mimi ni dereva wa tipa. Ukweni walijua tu kwamba "nipo idara ya maji", nami sikufafanua. Ninachobeba ni tope la majitaka: magari ya kunyonya vyoo yanamwaga kwenye mabwawa nje ya mji wetu wa Shinyanga, tope linatulia, linaanikwa juani miezi kadhaa mpaka linafanana na udongo mweusi, halafu bwana afya analipima. Likipita linakwenda kwenye mashamba ya miti, lisipopita linafukiwa dampo na mtu wa kule anakusainia karatasi. Mzigo wangu siku ile haukupita.

Sasa mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya dampo ni ule udongo wa mbuga unaomeza gari mpaka ekseli, nikaona nisubiri jua likaushe, na kwa kuwa kwa mama mkwe si mbali, nikasema ngoja nikamsalimie, ninywe na uji (huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo hivyo).

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Kulwa." Akachungulia chini ya turubai. "Umebeba samadi?"

Hebu niambieni ninyi. Sisi Wasukuma mbele ya mama mkwe hata kusema unakwenda chooni huwezi, unaaga tu kwamba unatoka kidogo. Ningeanzia wapi? Nikajisikia nasema, "Ndiyo mama, ya ng'ombe."

"Wabeja sana, asante mwanangu! Kumbe umenikumbuka!"

Tangu baba mkwe auze ng'ombe, bustani yake ya mchicha ilikuwa imechoka, na mchicha ule ndio ulimpa jina, pale sokoni Kambarage kuna wateja wasionunua kwa mwingine. Alivyofurahi, nikashindwa kurudi nyuma. Nikainua bodi, nikamwaga mzigo wote uani, nikijidanganya kwamba nitampigia mke wangu simu amweleze yeye, mtoto wa kumzaa, kabla haujaguswa.

Sikumaliza hata kukunja turubai. Mama mkwe alikwishawaita wenzake wa kikundi cha akina mama, wakaja na ndoo na mabeseni, wakazoa kwa mikono mitupu huku wakinisifu, mkwe gani huyu, mkwe wa kupigiwa vigelegele, mpaka jirani yake Mama Minza akavuta kitu, akakifuta kwa kanga, akakiinua juu. Mswaki.

"He! Ng'ombe gani huyu anapiga mswaki?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka (Mungu anisamehe). Kisha nikamwona mama mkwe na ndoo yake kichwani, anaelekea kwenye matuta ya mchicha, mboga ya kuchuma wiki ileile na kupeleka kwa watu, na kicheko kikanikauka.

"Mama, weka chini! Ni ya vyoo! Ya watu! Na haijapita vipimo!"

Kila mama akaitazama mikono yake. Zikaletwa sabuni, maji, majivu, wakanawa na kurudia kunawa, na mimi nikashika koleo nikaanza kurudisha tipa nzima peke yangu, hakuna aliyenisogelea, na msimamizi wangu wa kazini akapiga simu kuulizia karatasi ya dampo nikamjibu kwamba bado naupakia. Jasho na aibu vilinitoka pamoja.

Nilipomaliza, mama mkwe akaja. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Baba Kulwa, nimezaa watoto saba. Nimemuuguza mama yangu kitandani mpaka akafa. Ulidhani kinyesi cha mtu kitanitisha? Ungesema tu, ungekunywa uji ukaenda zako. Umeniheshimu mpaka ukataka niwalishe watu uchafu kwa mikono yangu."

Hilo la mwisho liliniingia, mpaka leo halijatoka. Tangu siku hiyo, anayeniuliza nimebeba nini namwambia, awe mkwe, awe shehe, awe padri. Na kila nikifika kwake, nikishaitikiwa marahaba, ananiletea maji ya kunawa na kipande cha sabuni mbele ya watu wote, hata nikiwa natoka kanisani na suti yangu. Anashika birika mwenyewe, na mimi nanawa mpaka kwenye viwiko.