Kitambaa Chekundu cha Mpungani

Juzi Mzee Kibwana, mwenye duka kule Dutumi, aliingia ofisi ya ushirika ninakofanya kazi tangu nimalize chuo. Alikuja kuomba mkopo wa kulima mpunga, shingoni ana kitambaa chekundu. Papo hapo nikasikia harufu ya mpunga unaokaribia kuiva.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja nilikuwa shambani kwetu naamia ndege, nikigonga debe bovu. Mzee Kibwana alikuja akafunga kitambaa kama kile kwenye mti wa mpakani mwa shamba. Nikadhani anatusaidia kuwatisha ndege.

“Shikamoo, babu. Ahsante!”

“Marahaba. Gonga kwa nguvu, wasinimalizie mpunga wangu.”

Mama, aliyekuwa kando yangu, aliinamisha uso. Sikujua kwamba unga tuliokula miezi ya njaa alitukopesha yeye, na malipo yake yalikuwa mpunga wote, uliowekwa rehani ungali mbichi; kitambaa kilikuwa alama kwamba ni wake. Alipouvuna, sisi tulirudi porini kuchimba ndiga, viazi mwitu vya wakati wa njaa.

Siku tatu nimeigeuzageuza fomu yake, nikiogopa roho yangu mwenyewe isije ikalipiza kisasi. Leo amerudi kuuliza.

“Utapata, babu,” nilimwambia. “Ila mpunga wako ukichanua, nitakuja kufunga kitambaa.”

Alinitazama sana, akanikumbuka. Hapo ndipo nilipotulia; nilitaka akumbuke tu, si mpunga wake.